Baji wale nini: mbegu, peleti au vyote? Ulinganisho wa wakati wa kuzaa na wakati wa kupumzika

Wadau wa baji (wale kasuku wadogo wa Australia, budgerigar), swali linaloulizwa kila kukicha ni chakula gani kizuri, mbegu au peleti, na watu wanabishana mpaka wanachoka, wakati mi naona swali lenyewe limekatwa nusu. Jiulize kwanza, hawa ndege sasa hivi wanafanya nini? Wanazaa, wanalisha makinda, wanabadili manyoya, au wamekaa tu kijitini wanapiga kelele? Maana chakula kinachomfaa jike mwenye mayai matano ukimpa dume anayekaa peke yake tunduni mwaka mzima unamuua polepole, na kile kinachomfaa huyo dume ukimpa jike anayelisha, makinda wanadumaa na yeye mwenyewe anakwisha.

Kwao Australia baji ni ndege wa nyika kavu za ndani huko, wanahamahama kufuata maji na mbegu za nyasi. Hawaangalii sana mwezi, wanaangalia mvua. Mvua ikinyesha nyasi zinaota, mbegu mbichi laini zinajaa, na hapo ndo wanaingia kwenye matundu ya miti kutaga. Ndege wako hajawahi hata kuiona hiyo Australia ila mwili wake bado unafuata kanuni ileile, ukimpa vyakula laini vya protini na mafuta kila siku bila kipimo, tena kwenye mwanga mrefu, mwili unaamini mvua zimeshafika. Yaani chakula kwa baji kinashibisha na pia kinatoa taarifa. Ndo maana ulinganisho wangu wote unakaa hapo: chagua chakula cha msingi utakachokiweza mwaka mzima, halafu vyakula vya nguvu vifungulie msimu ukianza na uvifunge msimu ukiisha. Wengi wanaumiza kichwa na cha msingi wakati tatizo lao liko kwenye hiyo kufungua na kufunga.

Chakula cha msingi: mbegu tupu

Mbegu ndo baji wote wanazijua. Uwele wa aina mbalimbali, mbegu za kanari (mbegu za nyasi, canary seed), oti kidogo, basi. Uzuri wake ni kwamba ndege anazila bila kubembelezwa, hazioziozi, na wazazi wanajua kuzimenya na kuwalisha makinda tangu enzi. Mbegu za kanari zina protini zaidi kuliko uwele kwa hiyo mchanganyiko wenye kanari nyingi kidogo ni afadhali kuliko uwele mtupu. Oti inanenepesha, kwa hiyo hiyo nitairudia kwenye msimu. Alizeti sahau kwa matumizi ya kila siku, karibu nusu yake ni mafuta, na pakiti ya "mbegu za kasuku" iliyojaa alizeti haikutengenezwa kwa ndege wa gramu 35, ni ya kasuku wakubwa.

Ubaya sasa. Mbegu kavu karibu hazina vitamini A, kalsiamu ni kiduchu, ayodini hakuna ya maana, na hata protini yake ina upungufu wa baadhi ya asidi amino kama laisini. Ndege haonyeshi mapema, anaimba tu na kurukaruka, miaka inapita, halafu unaanza kuona pua inaziba mara kwa mara, mdomo unarefuka ovyo, anapumua kwa sauti ya kama kubofya au kufinyafinya. Hiyo sauti ukiisikia kwa baji aliyekula mbegu tupu maisha yake yote usiseme ni mafua moja kwa moja, inaweza kuwa tezi ya shingo imevimba kwa kukosa ayodini na inabana njia ya hewa, mpeleke kwa daktari wa ndege. Na kwenye unene baji ni mabingwa, wanapata uvimbe wa mafuta kifuani na ini lenye mafuta kuliko ndege wengi wa kufugwa.

Kitu kingine, baji anabagua. Ukimjazia bakuli anachagua anazopenda, anaacha nyingine, wewe unamwaga unajaza upya, kwa hiyo kile kilichoandikwa kwenye pakiti sicho anachokula. Na kuna hili la makapi: baji anamenya mbegu anaacha ganda juu, bakuli linaonekana limejaa kumbe ni maganda matupu. Puliza kila asubuhi. Ndege mdogo namna hii siku moja tu bila kula anadhoofika vibaya na siku mbili zinaweza kumuua, na wapo waliokufa njaa mbele ya bakuli "lililojaa".

Chakula cha msingi: peleti

Peleti ni vitonge vilivyosagwa na kuchanganywa tayari, kila punje ina kila kitu, kwa hiyo ubaguzi umeisha na upungufu wa vitamini A na ayodini umeisha. Kwa karatasi ndo chakula bora kuliko vyote. Kwa ndege mmoja au wawili wa ndani ambao hawazai mi nasema bila kusita kwamba peleti zikiwa sehemu kubwa ya chakula, nusu mpaka asilimia 70 hivi, halafu mboga na mbegu kidogo, huyo ndege atakaa vizuri.

Lakini zina mambo yake. La kwanza kubadilisha ni kazi, baji mtu mzima hazitambui kama ni chakula, anaziona kokoto. Huwezi kutoa mbegu leo ukaweka peleti kesho ukasema "njaa itamfundisha", haitamfundisha, itamuua. Unafanya taratibu kwa wiki kadhaa, unasagia kidogo juu ya mbegu au juu ya mboga yenye unyevu, unaongeza polepole, na unampima kwenye mizani ya gramu kila asubuhi kabla hajala. Akipungua kama asilimia 10 ya uzito rudisha mbegu upesi na uanze tena baadaye. Angalia na kinyesi: kikiwa kichache, kidogo, chenye kijani kilichokoza, huyo hajala, hata kama umemwona anadonoadonoa kwenye bakuli. Wanadanganya sana hao.

La pili, peleti zenyewe ziko za aina mbili na watu hawasomi. Za kawaida za kutunzia protini yake iko chini, mara nyingi asilimia 11 mpaka 15, na za kuzalishia zinapanda kwenye 18 mpaka 20 hivi. Za kuzalishia ukizitoa mwaka mzima unarudi palepale kwenye mvua isiyoisha. La tatu, ukiwa unatumia peleti usimwage tena unga wa vitamini juu yake, vitamini A na D zikizidi zinaumiza, hazitoki mwilini kirahisi kama C.

Vyote viwili

Hapa ndo nilipo mimi na wafugaji wengi wenye jozi za kuzaa. Mbegu na peleti pamoja, kila kimoja bakuli lake, na mboga kila siku. Sababu yangu sio ya kisayansi sana, ni ya vitendo: wazazi wengi wakiwa na makinda wanakimbilia mbegu na chakula laini, na jozi iliyozoea vyote haina mshtuko ukibadilisha kipimo. Tena kinda aliyelelewa na wazazi wanaokula peleti anaona, anadonoa, anazikubali bila vita, hayo mateso ya kubadilisha mtu mzima yanaisha kwenye kizazi kimoja.

Onyo moja ambalo nalirudia kila mara: usibadilishe chakula cha msingi katikati ya msimu. Jike yuko kwenye mayai, wewe ndo umesoma kwamba mbegu ni mbaya unaleta peleti, hapana. Badilisha wakiwa wamepumzika, boksi la kutagia limetolewa, hakuna anayemtegemea mwenzake kwa chakula.

Sasa weka misimu miwili ubavu kwa ubavu

| | Wamepumzika | Wanazaa |
|---|---|---|
| Mbegu au peleti | Kwa kipimo, kijiko cha chai kimoja na nusu mpaka viwili kwa ndege kwa siku | Bila kipimo kuanzia makinda wanapototolewa |
| Oti | Chache sana au hakuna | Ndiyo, hasa zilizolowekwa |
| Chakula cha yai | Hakuna. Kidogo mara 1 au 2 kwa wiki wakibadili manyoya | Mara 2 au 3 kwa wiki kabla ya kutaga, kila siku kukiwa na makinda |
| Mbegu zilizochipua | Kidogo, sio kila siku | Kila siku ukiweza |
| Mboga za majani, karoti | Kila siku | Kila siku, na zaidi |
| Mfupa wa ngisi (cuttlebone, wa kalsiamu) | Upo muda wote | Upo muda wote, wa pili pembeni |
| Masuke ya uwele | Zawadi tu, ya mkononi | Ya nguvu makinda wakianza kutoka |
| Mwanga kwa siku | Saa 10 hivi | Saa 12 mpaka 14 |

Mwanga nimeuweka kwenye jedwali la chakula makusudi. Unaweza kupunguza chakula vizuri kabisa lakini taa ya sebuleni inawaka mpaka usiku wa manane na boksi bado limening'inia, halafu unashangaa jike anataga. Vinaenda pamoja hivyo vitatu: chakula, mwanga, boksi.

Hicho kipimo cha vijiko nacho kisomeke kwa akili. Ndege anayeruka chumba kizima anakula kuliko anayekaa tundu dogo. Njia nzuri ni kupapasa mfupa wa kifuani, ule unaoshuka katikati: ukiusikia kwa urahisi na nyama imejaa pande zote mbili yuko sawa, ukitokeza mkali kama ukingo amekonda, usipouona kabisa na kifua kimegawanyika kama mfereji huyo amenona na kijiko kipungue.

Protini ya msimu: yai, mbegu zilizochipua au dengu?

Hapa ndo kuna tofauti kubwa kwa hiyo nitakaa kidogo. Fikiria kwanza mzigo wenyewe. Yai la baji lina kama gramu 2, jike anataga 4 mpaka 6 kwa kawaida, moja kila baada ya siku moja, kwa hiyo jike wa gramu 40 anatoa robo ya uzito wake ndani ya wiki moja na nusu. Halafu kinda anatoka hata hizo gramu 2 hajazifikisha, na ndani ya wiki nne anakaribia uzito wa mzazi wake. Watano hao! Hakuna uwele unaoweza kubeba kazi hiyo peke yake.

Chakula cha yai ndo mfalme. Yai la kuku limechemshwa dakika 10 au zaidi, likaiva kabisa, linapondwa na uma pamoja na kiini, unaweza kuchanganya na mkate mkavu uliosagwa au oti zilizosagwa ili lisishikamane, na karoti iliyokwaruzwa juu. Protini yake imekamilika, asidi amino zote zimo, na makinda wanakua unawaona. Kasoro yake ni moja lakini ni kubwa, linaharibika haraka. Kwenye joto baada ya saa mbili toa, kwenye baridi baada ya saa nne basi, na usiseme "bado linanukia vizuri". Makinda wakipata chakula kilichochacha gole, kile kifuko cha chakula cha chini ya shingo, linasimama, chakula hakishuki, na hapo unaweza kupoteza kiota kizima ndani ya siku moja. Kama uko kazini kutwa nzima usiliache asubuhi ukalikute jioni, afadhali ulitoe jioni tu ukiwepo.

Yapo pia ya unga ya pakiti, makavu, unayaweka yalivyo au unayalowesha kidogo. Makavu yanakaa siku nzima bila kuchacha na hiyo ndo faida yake yote. Jozi nyingine hazigusi. Jaribu kabla ya mayai, sio siku kinda wa kwanza anapolia.

Mbegu zilizochipua zinafuata kwa karibu sana, na kwa mazoea ya ndege mwenyewe ndo zinakaribia ile mbegu mbichi ya baada ya mvua. Unaloweka mbegu zilezile za kila siku kwa saa 8 mpaka 12, unasuuza mpaka maji yawe meupe, unachuja, unaziacha kwenye chujio zikipata hewa siku moja au mbili huku unasuuza asubuhi na jioni, ukiona kijicho cheupe kimetokeza zimeiva. Mbegu ikianza kuchipua wanga wake unavunjika, inakuwa laini, vitamini zinapanda, na jike anaweza kuilisha kwa kinda mdogo bila shida. Ila pua yako ndo maabara: zinukie nyasi mbichi. Zikinuka uchachu au uvundo hata kidogo mwaga zote, usisuuze ukajipa moyo. Na mbegu zisizoota hata baada ya siku tatu ni mbegu mfu au zimekaangwa na joto la ghala, sasa hiyo ni njia nzuri ya kujua kama muuzaji anakuuzia mbegu za mwaka juzi.

Dengu na choroko zilizopikwa au kuchipuliwa ni za tatu. Protini ipo na ikikaa na nafaka inajaziliza ile laisini iliyokosekana, lakini baji wengi wanahitaji kuzoeshwa, na maharage makavu mabichi usithubutu, yana sumu mpaka yachemshwe yaive kabisa. Kwa mtu asiyetaka mayai nyumbani kwake hii pamoja na mbegu zilizochipua inafanya kazi, polepole kidogo kuliko yai, lakini inafanya.

Ukinilazimisha kuchagua kimoja kwa jozi ya kwanza ya mtu asiye na uzoefu, nachagua mbegu zilizochipua kabla ya kutaga na yai wakati wa makinda. Yai likianza mapema sana na kwa wingi jike ananona na anapandwa na hamu ya kuzaa kabla dume hajakuwa tayari, unaishia na mayai yasiyorutubishwa.

Kalsiamu: usibahatishe

Jike anayetaga bila kalsiamu ya kutosha anavuta kwenye mifupa yake mwenyewe, na ikiisha huko ganda linakuwa laini na misuli inakosa nguvu ya kusukuma, yai linakwama. Jike amevimba manyoya chini ya tundu, mkia unapigapiga, anajikamua, hiyo ni dharura ya saa chache. Weka joto na tafuta daktari, usikamue tumbo.

Mfupa wa ngisi ndo chaguo la kwanza kwa sababu anajipimia mwenyewe, wiki ya kutaga utaona ameula nusu nzima halafu makinda wakikua anausahau. Jiwe la madini zuri kama lina ayodini, kwa walaji wa mbegu liwepo mwaka mzima, lakini lisichukue nafasi ya mfupa. Ganda la yai la kuku ulilochemsha ndo hilohilo, likaushe kwa moto, saga, nyunyiza kwenye chakula cha yai, halina gharama. Kalsiamu ya maji ni ya kujazia kwa jike ambaye umeshaona shida au hagusi mfupa, na hiyo fuata kipimo cha chupa kabisa, mwenye kupenda kuzidisha asinunue.

Na hiyo kalsiamu yote haiingii mwilini vizuri bila vitamini D. Ndege anaitengeneza akipigwa na jua lenyewe, jua la kupitia kioo cha dirisha halifanyi kazi hiyo. Mtoe nje kwenye tundu lenye upande wa kivuli, dakika chache kila siku, au tumia peleti ambazo tayari zina D3.

Changarawe? Baji anamenya mbegu kabla ya kumeza, haihitaji kwa lazima kama njiwa anayemeza nzima. Wapo wanaoila kupita kiasi wakiwa wagonjwa ikawaziba. Maganda ya chaza yaliyosagwa ni habari nyingine, hayo yanayeyuka, yanahesabika kama kalsiamu.

Mboga, na vya kukwepa

Hapa misimu haitofautiani sana kwa hiyo haraka haraka. Majani ya kijani kilichokoza, sukuma wiki, majani ya figili, brokoli, karoti, hoho, hivyo vinabeba vitamini A. Spinachi na mchicha kidogo tu na sio wiki ya kutaga, vina oksalati inayoshika kalsiamu. Letusi ni maji. Matunda yana sukari, kipande kidogo mara moja moja. Parachichi marufuku kabisa, linaua ndege, chokoleti, kahawa, pombe na vitunguu navyo hivyohivyo, chumvi pia. Osha mboga vizuri maana dawa ya shambani ambayo wewe huihisi kwake ni nyingi.

Msimu hatua kwa hatua

Wiki tatu au nne kabla ya boksi anza kuongeza: mbegu zilizochipua, mboga kila siku, yai mara mbili kwa wiki. Jike awe amefika angalau mwaka, chini ya hapo hata ukimlisha vizuri bado unajitafutia yai kukwama.

Akianza kutaga endelea hivyohivyo, hakikisha mfupa wa ngisi haujaisha.

Akilalia mayai, siku 18 hivi kwa kila yai, mi napunguza vya nguvu. Amekaa tu ndani, dume ndo anamletea chakula anamtapikia mdomoni, hana mazoezi, akijazwa yai kila siku ananona bure. Usishtuke kwamba kinyesi chake kimekuwa kikubwa na cha harufu, anajizuia muda mrefu asichafue kiota, anatoka mara chache anamwaga chote, ni kawaida.

Yai la kwanza likipasuka fungulia kila kitu. Chakula laini kidogokidogo mara mbili au tatu kwa siku ni bora kuliko rundo moja asubuhi. Maji badilisha mara mbili, wanakunywa kuliko kawaida. Usitie vitamini kwenye maji, zinazalisha vijidudu na ladha inaweza kuwafanya wagome kunywa siku ambayo ndo wanayahitaji. Chungulia magole ya makinda jioni, yaonekane yamejaa. Mdogo wa mwisho mara nyingi anabaki nyuma kwa sababu wametotolewa kwa kupishana siku mbilimbili, mkubwa anaweza kuwa na siku nane au kumi zaidi yake, kwa hiyo chakula kikipungua kidogo ni yeye anayelipia.

Kwenye siku ya 30 mpaka 35 wanatoka. Hapo ndo watu wanapunguza chakula mapema mno, "si wameshatoka". Hawajajua kumenya! Dume ndo anawalisha wakati huo, jike pengine ameshaanza mayai mengine. Tandaza mbegu na masuke ya uwele chini ya tundu, weka vibakuli vifupi, maji kwenye sahani isiyo na kina, na uwaache na baba yao mpaka kwenye wiki ya sita ukishawaona kwa macho yako wanamenya wenyewe na makapi yanadondoka. Kudonoadonoa sio kula.

Kufunga

Baada ya mizao miwili toa boksi. Punguza yai na oti ndani ya wiki moja, sio siku moja, rudi kwenye kipimo, fupisha mwanga. Wakianza kubadili manyoya wape yai kidogo mara mbili kwa wiki kwa sababu manyoya ni protini tupu, wakimaliza acha tena. Wape mapumziko ya miezi kadhaa, mi napenda isipungue sita.

Jike anayekaa peke yake halafu anataga bila dume anafuata njia hiyohiyo ya kufunga, ila huyo mayai yake usiyatoe siku ileile, atajaza mengine. Yaache ayalalie mpaka achoke, huku chakula umeshakishusha na mfupa wa ngisi uko pale.

Kwa hiyo nani achukue nini

Una ndege mmoja au wawili wa ndani, hawazai, una muda wa kuwapima: peleti ziwe za kwanza, mboga kila siku, mbegu za zawadi. Yai halihitajiki.

Una jozi ya kuzalisha: mbegu na peleti za kawaida mwaka mzima, na chakula laini cha msimu. Peleti za kuzalishia ni kama huwezi yai, na ziishe na msimu.

Una kundi kwenye banda kubwa, huwezi kujua nani kala nini: baki na mbegu nzuri zenye kanari nyingi, jiwe la ayodini, mfupa wa ngisi sehemu mbili tatu, mboga nyingi za kuning'iniza, na chakula laini ukiweke sehemu nyingi ili wababe wasihodhi. Kugeuza banda zima kwenda peleti kwa mkupuo sishauri, atakayegoma hutamwona mpaka umwokote chini.

Na ndege mpya akija, hata kama alikokuwa alikuwa anakula uwele mtupu, mpe huohuo uwele wiki mbili za kwanza mpaka atulie, mboga unaweka pembeni tu aizoee kwa macho.